Juu ya Theluji, Jua Halijui Cheo

Askari aliyezoea Tororo, ambaye kila asubuhi huuona Mwamba umesimama juu ya mji na, hewa ikiwa safi, Mlima Elgon ng'ambo ya kaskazini, aweza kudhani kwamba habari za theluji hazimhusu. Ni kweli kwamba Elgon una baridi ya kugandisha maji usiku, lakini hauna barafu ya kudumu. Hata hivyo, maisha ya askari ni uhamisho. Aliyeko leo katika kambi ya Rubongi au mpakani Malaba, kesho aweza kupewa amri ya kwenda Kasese au Bundibugyo, chini ya Milima ya Rwenzori, ambako wanajeshi wetu walipambana na waasi wa ADF katika miaka ya 1990. Huko barafu ipo, na mwenye kuikanyaga pasipo kuijua huhatarisha maisha yake na ya wenzake.

Watu wa Ulaya waendao likizo katika milima ya Alps kuteleza kwa skii wanazijua tabia za theluji. Ifikapo Machi na Aprili, baridi kali inapokwisha na jua kupata nguvu, theluji hubadilika mara kadhaa katika siku moja. Alfajiri huwa ngumu kama saruji iliyokauka, kwa kuwa maji yaliyoyeyuka jana yameganda usiku. Jua likipanda, uso wake hulainika, na kwa saa chache huwa nzuri kwa mchezo. Mchana hugeuka uji: mguu huzama, na miteremko mikali huweza kuporomoka, maana maji yaliyopenya ndani yamezilegeza chembe zilizokuwa zimeshikana. Kwa hiyo wenye busara hutoka mapema na kurudi mapema.

Rwenzori haina majira hayo ya Ulaya. Iko karibu na Ikweta, na kinachotokea Alps mwezi wa Aprili, huko chaweza kutokea siku yoyote ya mwaka: usiku maji huganda, mchana barafu hutokwa jasho. Ndiyo sababu viongozi wa wapanda milima huwaamsha wageni usiku wa manane, ili waikanyage barafu ya Margherita, kilele chenye urefu wa mita 5,109, ingali ngumu. Jua likishapata nguvu, theluji iliyofunika nyufa kama daraja hudhoofika, na mawe yaliyoshikwa na barafu huachiliwa yakaanguka. Mahali palipombeba mtu alfajiri, adhuhuri paweza kummeza.

Tena barafu yenyewe si ile ya zamani. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipoipanda na kuichora milima hiyo, barafu ilikuwako juu ya milima 6 ya safu ile. Ilipofika mwaka 2005 ilikuwa imebaki juu ya milima 3 tu, yaani Stanley, Speke na Baker, nayo imezidi kupungua tangu hapo. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba, hali ikiendelea hivi, barafu yote ya Afrika huenda ikatoweka ifikapo miaka ya 2040. Kwa hiyo njia aliyoipita sajini wetu miaka 20 iliyopita si njia tena. Hadithi zake tuzisikilize kwa heshima, lakini tusizifanye ramani.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Katika jeshi na polisi tumefundishwa kwamba neno la mkubwa ndilo la mwisho, na bila nidhamu hiyo hakuna jeshi. Lakini juu ya barafu mara nyingi ajuaye zaidi ni kijana wa Kikonzo asiye na nyota begani, aliyezaliwa chini ya mlima ule na kuupanda mara nyingi. Akisema, "Afande, saa imepita, turudi," afisa mwenye akili huigeuza kauli hiyo kuwa amri yake mwenyewe. Kumtii mjuzi hakuvunji nidhamu. Ni sehemu ya nidhamu. Jua halipigi saluti, wala halimsubiri meja amalize chai.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya watalii, na askari kazi yake ni kwenda anakotumwa. Nao mtalii akitumbukia katika ufa, nani atatumwa? Tukumbuke Bududa, mwezi wa Machi 2010. Maporomoko yale hayakutokana na theluji, bali mvua na udongo. Hata hivyo, walioitwa ni wanajeshi, nao wakachimba matope kwa majembe na mikono kutafuta waliofukiwa. Ushujaa haukupungua. Lakini ushujaa unaoanza baada ya msiba hauwezi kufanya kazi ya maandalizi.

Basi rai yangu ni hii. Askari yeyote anayepelekwa chini ya Rwenzori afundishwe kwanza kuisoma theluji kama anavyofundishwa kuisoma ramani: rangi yake, sauti yake chini ya kiatu, na saa ya kuiacha. Apewe kamba, viatu vya meno na miwani ya jua, na ajue kuvitumia kabla ya kuitwa. Na kila kundi lipangiwe tangu kambini saa ya kugeuka nyuma, saa ambayo hakuna cheo kitakachoivunja, hata kama kilele kimebakiza hatua mia.

Kilele kitakuwapo kesho. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu askari. Anayerudi na watu wake wote hakushindwa.