Kinasa sauti cha kwanza

Barua ya mwezi huu imetoka Murara, hapa kwetu Goma. Kijana mpiga gitaa anauliza: «Papa, niliweka pesa mwaka mzima. Ninunue kinasa sauti gani ya kukamata nyimbo zetu? Wenzangu wanasema telefone inatosha.»

Mwanangu, telefone inatosha kwa kukumbuka wimbo, haitoshi kwa kuutunza. Ilitengenezwa kwa mtu anayesema. Ukipiga gitaa polepole, inapandisha sauti yenyewe. Mwenzako akipaaza, inaishusha. Ukisikiliza kiisha, wimbo unapanda na kushuka sawa mtumbwi ku ziwa.

Ninyi wa Likasi mnaijua habari ya Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimkuta kule akanasa wimbo wake «Masanga». Mashini ya wakati ule ilitaka gari ya kuibeba. Bosco alikuwa na miaka 22 hivi, na mpaka leo wapiga gitaa wanafuata vidole vyake kwa kusikiliza ile sauti. Wangapi walipiga vizuri mu kambi za wafanyakazi, na hakuna mtu aliyepita na mashini?

Leo mashini inaingia mu mfuko wa shati. Kwa anayeanza, kuko Zoom H1n, mdogo wake H1essential wa mwaka 2024, na Tascam DR-05X. Huko Ulaya bei yao inazunguka dola 100. Huku ongeza ya njia, na usilipe mbele ya kujinasa na kujisikiliza.

Mimi ningeanza na mapile. Umeme wetu unaujua. DR-05X inakula mawili ya tochi, Zoom inataka yale madogo ya telekomande. Ile yenye betri ya ndani tu ningeiacha ku duka: ikifa katikati ya mazoezi, utaanza kuomba kura kwa jirani.

Kiisha mikro. Za H1n zinasikia mbele zaidi. Za DR-05X zinasikia pande zote, ni nzuri kwaya ikikuzunguka mu chumba kitulivu. Lakini chumba kitulivu Murara kiko wapi? Mamoto, jenereta, mtoto wa jirani! Kwa gitaa moja na mwimbaji mmoja ningechukua Zoom, niiweke karibu, hatua moja tu, na kipande cha sponji juu ya mikro kama kuna upepo. Mvua ikipiga mabati, pumzikeni tu.

Kinachoharibu nyimbo nyingi ni kipimo cha sauti. Kwa H1n na DR-05X unakiweka mwenyewe. Mwambie mwimbaji aanze na pale anapopaaza kabisa, halafu ushushe mpaka alama ibaki karibu na -12. Ikigonga 0, sauti inapasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha. H1essential haikuombi kazi hiyo, unasawazisha nyuma ku ordinatere. Ni kitu kizuri, lakini mafaili yake yanakataliwa na telefone nyingine. Kama hauna ordinatere, H1n itakusumbua kidogo zaidi.

Nasa kwa WAV, si MP3. Kwa kipimo cha kawaida, 44.1 na biti 16, dakika moja inakula megabaiti 10 hivi; kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 50. MP3 unaweza kuitengeneza kesho kwa kumtumia yaya yako kule Rubaya. Kilichokatwa na MP3 hakirudi.

Na kadi isikae peke yake. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita ndani ya mji, Murara pia, mpaka ziwani. Watu walikimbia na watoto na magodoro. Kaseti zilibaki ndani. Peleka nakala kwa mama mkubwa wa Bukavu, au yeyote aliye mbali na mlima. Na mbele ya kila wimbo, sema mu mikro: tarehe, mahali, nani anapiga, nani aliutunga. Kama aliyeutunga ni mzee na yuko bado hai, umwache aseme jina lake mwenyewe.