Serikali Ikikopa, Mnyonge Hulipa

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Nami nauliza, wenzangu: je, harusi ikiwa ya mwingine na matanga yakawa yako, utasemaje?

Hapa Kamenu tuna mafundi wa cherehani, wachomeleaji vyuma na akina mama wa vibanda vya mboga. Hawa ni wachapakazi, si wavivu. Lakini wakitaka mkopo wa benki ili biashara ikue, riba huwatoa jasho. Wengi husema ni ukatili wa benki tu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Tazama yaliyotokea miaka ya 1990.

Kabla ya 1991, serikali ndiyo iliyopanga kiwango cha juu cha riba. Mwezi Julai mwaka huo riba iliachiwa huru. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walihimiza soko huria: ati benki zikishindana, watu wataweka akiba, mikopo itapatikana na uchumi utakua. Mwaka 1993 shilingi nayo ikaachwa ijitafutie thamani yake sokoni. Maneno matamu hayo! Lakini aliyefungua zizi hakumfunga fahali mkubwa, yaani serikali yenyewe.

Desemba 1992 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi, na pesa zilimwagwa kama maji. Noti ya shilingi 500 hata ikabandikwa jina la utani, "Jirongo", jina la kiongozi wa kundi la kampeni la YK'92. Wakati uo huo kulikuwa na kashfa ya Goldenberg, ambapo Hazina ilitoa mabilioni ya shilingi kuwa fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa ng'ambo. Mambo haya yalichunguzwa baadaye na tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa 2003.

Pesa zikizidi na bidhaa zisizidi, bei hupaa. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Dola iliyouzwa chini ya shilingi 40 mwishoni mwa 1992 ilipita shilingi 60 mwaka mmoja baadaye. Ili kuzizoa pesa hizo, Benki Kuu iliuza hati za Hazina, yaani serikali ilikopa kwa muda mfupi. Katikati ya 1993 riba ya hati hizo ilipita asilimia 80 kwa mwaka!

Sasa wewe ungekuwa meneja wa benki, ungefanyaje? Ungehangaika na fundi wa Kamenu, au ungeipa serikali pesa, ulale usingizi, ukiamka uvune? Ni kama foleni ya mfereji: mwenye lori la mapipa akitangulia, mwenye mtungi atarudi nyumbani mkavu. Mwaka 1994 wastani wa riba ya mikopo ya benki ulizidi asilimia 30. Fundi aliyekopa shilingi 10,000 kwa mwaka mmoja angetozwa zaidi ya 3,000 za juu. Na ule uchumi ulioahidiwa kukua? Mwaka 1992 ulirudi nyuma, na 1993 ulikua kwa chini ya asilimia 1.

Kweli, dawa ile chungu ilifanya kazi, kwani kufikia 1995 mfumko ulikuwa chini ya asilimia 5. Lakini aliyekunywa dawa siye aliyekula sumu.

Kuna wanaosema turudishe kikomo cha riba. Hilo nalo tulilijaribu. Mwaka 2016 Mheshimiwa Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini katika kaunti yetu, alileta sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini benki ziliwakwepa wakopaji wadogo, zikaikimbilia serikali tena. Sheria hiyo ikaondolewa 2019. Na mapema 2024, serikali ilipokopa kwa zaidi ya asilimia 16, si ngoma ilikuwa ile ile?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: tusiwafunge wanaouza pesa kabla ya kumfunga mnunuzi mkubwa. Bajeti inaposomwa kila mwaka, sisi hukimbilia kuuliza bei ya unga na mafuta. Ni vyema. Lakini tuulize pia, "Mwaka huu serikali itakopa kiasi gani humu nchini, na kwa kazi gani?" Swali hilo linatuhusu, maana baada ya mtihani baadhi yetu tutafungua karakana na maduka, na tutasimama kwenye foleni ile ile.

Walimu wetu na wanachama wenzangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tuulizeni!