Kwani Sisi Mamba wa Nyali?

Wacha nianze na hili ili msinishike baadaye: hii safari nilienda bure. Wenzangu walituma 3,500 kwa M-Pesa kila mmoja. Mimi niliambiwa, "Wewe njoo na simu yako tu, utupostie rili mbili." Nikakubali mbio. Kwa hivyo haya ninayoyasema, na mimi nimo ndani.

Posta yenyewe ilikuwa kali. Minazi, bahari, jua linazama, halafu maandishi makubwa: KWALE KWA SIKU MOJA. Pwani ya Diani, msitu wa kaya, mikoko ya Gazi, na mwisho "maisha halisi ya kijijini." Mnatoka Mombasa saa kumi na mbili unusu asubuhi, mnarudi saa moja usiku. Si ungelipa pia?

Tukavuka feri pale Likoni, muziki juu, mwongozaji ameshika maiki. Kijana mcheshi, wallahi, hata sasa simchukii. Wa mjini kama sisi. Kila tulipofika alikuwa na hadithi, shida ni kwamba hadithi zenyewe nusu alizibuni njiani.

Tulipofika Kinondo gari likasimama kando ya barabara. Hakuna aliyeshuka. Akanyoosha kidole kwenye miti akasema, "Huo ndio msitu wa majini. Wenyeji wenyewe wanauogopa. Ukiingia bila dawa, hutoki." Gari zima likapiga ukelele. Simu zikatoka madirishani, miti ikapigwa picha. Dakika tano, twende zetu.

Mimi babangu ni Mdigo wa Msambweni. Nilinyamaza, lakini moyo ulinichemka, kwa sababu Kaya Kinondo inaingilika. Wageni wanapokelewa pale kila siku. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unatembea nyuma ya mtu wa pale pale, anakuonyesha mti gani unatibu nini. Anakwambia wapi unaweza kupiga picha na wapi simu ikae mfukoni. Ukitoka hutoki na kitu, hata jani.

Na kaya si nyumba ya majini. Kaya zilikuwa miji. Wazee wa Mijikenda waliishi humo ndani ya msitu, wakajilinda humo, wakazikana humo. Watu walipohamia nje, miti ikabaki, na wazee wakabaki kuilinda. Misitu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kinondo ni mmojawapo. Dunia nzima imekubali kwamba pale pana kitu. Sisi tulio umbali wa feri moja tunauziwa jini.

Nikajiuliza kwa nini atudanganye, na jibu lilikuja haraka: kuingia kaya kuna kiingilio, na kuna mtu wa kumlipa akutembeze. Jini halina kiingilio.

Tukaendelea. Gazi tukaipita. Ndiyo, ile Gazi iliyoandikwa kwenye posta. Hatukuona hata mkoko mmoja. "Muda umetubana, wapendwa." Kama angekata kushoto akaingia kijijini, angekuta akina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko. Unatembea katikati ya msitu bila kukanyaga tope, na mama anayekutembeza anakufundisha kutofautisha mkoko na mchu, muia na mkandaa. Mimi nimesoma bayolojia miaka minne sekondari na sikujua hayo mpaka nilipofunzwa pale.

Na si mikoko ya urembo tu. Watu wa Gazi na Makongeni wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Wanalinda mikoko, mikoko inahifadhi hewa ya ukaa, na hifadhi hiyo wanaiuza kwa watu wa nje. Pesa zinarudi kijijini kwenye maji na shule. Watu wanakuja kutoka ng'ambo kujifunza jambo hili. Gari letu lilipita likicheza amapiano.

Sasa ngojeni niwaambie kisa kilichonifanya niandike.

Baada ya Gazi tukakata kwenye barabara ya mchanga kuelekea "maisha halisi ya kijijini." Mimi nachukua video, naona mkorosho naufahamu, naona kisima nakifahamu. Nikasema moyoni, haiwezekani. Gari likasimama. Mwongozaji akatoa pakiti mbili za peremende, akawaita watoto, "Jambo! Jambo!" Watoto wakaja mbio. Wenzangu wakashuka, wengine wakachuchumaa ili picha itoke vizuri. Mmoja alikuwa anamwambia mtoto asimame tena pale penye ukuta wa udongo, eti mwanga ni mzuri.

Katikati ya wale watoto mmoja akapaza sauti: "Shangazi! Shangazi ndiye yule!"

Ni mtoto wa binamu yangu. Miaka sita. Mkononi ana peremende, mbele yake simu tano, na ya sita ni yangu.

Gari zima likacheka. Nikacheka na mimi, kicheko cha kuficha uso. Halafu nikamwona wifi yangu amesimama mlangoni, leso kifuani, ananitazama. Nikaenda kumwamkia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Wifi, mwaja kututizama? Kwani sisi mamba wa Nyali? Si ungepiga simu nikakupikia."

Nilikosa la kujibu. Mpaka leo sina.

Nikamuuliza kama wale jamaa huwa wanaomba ruhusa. Akasema hawa ni mara ya tatu kuja. Wanasimama, wanagawa peremende, wanapiga picha, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kubisha hodi. Pesa? Akacheka. Peremende ndizo pesa.

Hebu tupige hesabu. Sisi tulikuwa kumi na wanne, kumi na watatu wamelipa 3,500. Hiyo ni 45,500. Toa mafuta, toa dereva, toa soda na mahamri ya asubuhi. Kwale, ambayo jina lake ndilo lililouza hiyo posta, ilipata pakiti mbili za peremende. Hata chakula cha mchana tulikula kwenye mikebe iliyotoka Mombasa.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii, na sitaizungusha: safari ya siku moja ambayo hakuna hata mwenyeji mmoja anayezungumza wala kulipwa si ziara, ni dirisha la gari. Unalipishwa kuangalia watu ambao hawajui umelipa.

Najua mtakayosema, kwa sababu niliyasema mwenyewe kabla ya ile siku.

Mtasema, "Sisi ni vijana, hatuna pesa, tukiongeza viingilio bei inapanda." Sawa. Lakini 3,500 si bure. Na ukitaka kweli rahisi, njia ipo. Feri ya Likoni kwa miguu hulipi. Ukivuka unapanda matatu ya Ukunda, ukishuka unachukua tuktuk mpaka Kinondo. Matatu za kwenda Lungalunga zinapita barabara hiyo hiyo ya Gazi na Msambweni. Nauli zote ukizijumlisha na kiingilio na chai, utabaki na chenji kubwa. Tofauti ni kwamba hutapata spika na jina lako kwenye fulana.

Mtasema, "Wenyeji wengine wanasumbua, angalia beach boys wa Diani." Kweli wapo wanaosumbua. Lakini fikiria kijana wa Ukunda aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini. Wageni wanashushwa na gari mlangoni mwa hoteli, wanatembezwa na mtu wa mjini, wanarudishwa na gari lile lile. Yeye atawapata wapi kama si kuwakimbilia ufukweni na kikoi mkononi? Ukimfungia mtu mlango wa mbele usishangae akibisha dirishani.

Mtasema, "Wenyeji hawajasomea kuongoza wageni." Basi yule wetu aliyesomea ndiye aliyetupa jini? Kwale haina upungufu wa watu wanaojua kueleza kwao. Kinondo wapo. Gazi wapo. Ukishuka mpaka Shimoni utatembezwa ndani ya mapango ambamo watu walifungiwa enzi za biashara ya utumwa, na anayekueleza ni mtu wa hapo. Ukivuka kwa mashua kwenda Wasini, akina mama wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, na kiingilio ni chao. Wote hao hawangoji kusaidiwa. Wanangoja gari lisimame.

Na kuna mahali kutosimama kunaumiza kuliko mnavyodhani. Kule juu Shimba Hills mnakujua kwa sababu ya maporomoko ya Sheldrick na palahala, swala ambaye Kenya nzima humpati porini pengine popote. Jirani yake ni Mwaluganje. Pale wakulima, Wadigo na Waduruma, waliungana wakatoa mashamba yao yawe njia ya ndovu, na hifadhi ikafunguliwa miaka ya tisini. Makubaliano yalikuwa rahisi: hatulimi hapa, ndovu apite, wageni waje walipe, na sisi tugawane. Sasa mgeni asipokuja, au akija na mtu wa mjini anayemwonyesha ndovu kwa mbali kutoka barabarani, mkulima anabaki na nini? Anabaki na ndovu tu. Na ndovu asiye na mgeni ni mnyama aliyekula mahindi ya watoto wako. Utamwambia nini mzee akitaka shamba lake lirudi?

Msidhani hili ni letu peke yetu. Venice kule Italia, mji tajiri wenye jina dunia nzima, mwaka 2024 walianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 siku za msongamano. Walichoka na watu wanaoingia asubuhi, wanajaza vichochoro, wanapiga picha na kuondoka jioni bila kuacha kitu cha maana. Venice ina uwezo wa kuweka sheria na kuisimamia. Kijiji cha wifi yangu kina mlango na leso.

Sisemi msiende. Nendeni! Nachukia sana zile posti za "acheni Kwale ipumue." Kwale haihitaji kupumua, inahitaji wageni walioketi chini. Mwanafunzi wa Tudor anayejua Dubai kupitia simu lakini hajawahi kuona kaya ana hasara, na kaya nayo ina hasara. Nataka muende kama watu wanaokwenda kwa watu: mnabisha hodi, mnasalimia, mnasikiliza, mnalipa, mnaaga.

Na sisi wenye simu tuna kesi yetu peke yetu. Mwaka jana rili yangu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya watoto wakisukuma tairi njia ya Kinango. Niliweka muziki wa huzuni juu yake. Wale watoto walikuwa wanacheka, jamani! Walikuwa na siku nzuri kuliko yangu. Mimi nikawapa huzuni ili nipate wafuasi, na sikumuuliza mzazi yeyote. Nimeifuta. Najua kuifuta hakurudishi kitu, ila siwezi kuikemea kampuni ya watu na yangu iko juu.

Zile rili mbili sikuzitoa. Nilimpigia aliyenialika, nikamweleza kwa adabu kwa nini. Nikamwambia njia ni rahisi: pita Kinondo mlipe mwenyeji, simama Gazi, na kule kijijini zungumza na wazee kwanza, halafu chakula cha mchana kipikwe na wanawake wa pale kwa malipo. Hata mkiongeza mia tano, watu watalipa. Akaniambia, "Wateja hawaulizi hayo mambo."

Nimeifikiria sana hiyo sentensi. Hakusema haiwezekani. Hakusema ni ghali. Alisema nyinyi hamuulizi.

Basi ulizeni. Ukiona posta wiki hii, kabla hujatuma hata shilingi, andika swali moja tu: huyo atakayeshika maiki anatoka wapi? Wakikujibu vizuri, nenda na ufurahi. Wakianza kukuzungusha, weka pesa yako mfukoni, vuka feri kwa miguu, utafika tu.

Mimi Jumapili iliyofuata nilirudi. Nilipiga simu kwanza. Wifi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, mtoto akanikalia mapajani akiniuliza wale wenzangu wako wapi. Nikamwambia watakuja siku nyingine. Akauliza, "Watabisha hodi?"