Hesabu zimewaudhi nini?

Wadau, leo nina hasira. Wiki iliyopita nilimpelekea mhariri wangu makala kuhusu hesabu za kukausha dawa kwa kugandisha. Akasoma mistari mitatu, akacheka. "Nani atasoma hii? Niletee picha ya waziri akikata utepe kiwandani."

Haya, nawaletea ninyi.

Chanjo za surua, kifua kikuu na homa ya manjano hufika zahanati zikiwa kavu ndani ya kichupa. Dawa hugandishwa, hewa hunyonywa, kisha rafu hupashwa joto kidogo ili barafu igeuke mvuke bila kuwa maji kwanza. Ukipasha mno, dawa inabomoka humo humo. Yenye sukari ya kawaida haitakiwi kuvuka takriban nyuzi 32 chini ya sifuri. Ukiwa mwoga, mtambo unakesha siku kadhaa, na bili za umeme mnazijua. Kupandisha joto la dawa kwa nyuzi 1 tu kunapunguza muda wa kukausha kwa kama asilimia 13. Pesa yote iko hapo, kwenye nyuzi moja!

Sasa utajuaje pa kusimama? Ama ubahatishe na kumwaga dawa, ama upige hesabu. Na hesabu yenyewe si uchawi. Mwaka 1984 Michael Pikal na wenzake walieleza jinsi joto linavyoingia kupitia kitako cha kichupa na kuondoa barafu, na jinsi mvuke unavyotoka kwa kufuata tofauti ya presha, huku ukizuiwa na tabaka kavu linalozidi kunenepa juu yake. Milinganyo miwili. Mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye mwalimu mzuri angeifuata.

Mwaka 2021 Umoja wa Afrika ulijiwekea lengo kwamba ifikapo 2040, asilimia 60 ya chanjo tunazotumia zitengenezwe barani. Safi kabisa. Lakini kwenye hotuba nasikia majengo, mitambo, ajira. Jamani, mtambo unanunuliwa. Anayejua kwa nini rafu iwekwe nyuzi hizi na si zile, huyo anafundishwa, tena kwa miaka. Bila yeye tutabaki kubonyeza vitufe kwa maelekezo ya simu kutoka Ulaya. (Na msinililie bajeti: programu ya LyoPRONTO, ya Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, inapakuliwa bure.)

Mnaosoma famasia, niambieni: milinganyo hii mmeifanya darasani kwa mikono yenu, au mlikariri jina la mtambo mkafaulu mtihani?