Mpiga picha si mpima shamba, lakini abishe hodi kwanza

Katika familia yetu zimebaki picha nne tu za miaka ya uhamishoni, na katika zote nne nyuma yetu pametundikwa shuka. Mpiga picha alikuwa akija Katumba kwa baiskeli wakati wa Krismasi. Alitundika shuka ukutani, akatupanga kwa vimo, akafyatua, na baada ya mwezi akarudi na picha kudai hela iliyobaki. Anayezitazama leo hawezi kujua kama tulikuwa Katumba, Ulyankulu au Mishamo. Nyuso zetu zinaonekana, ardhi haionekani.

Marehemu baba alikimbia Rutana mwaka 1972, kijana wa miaka kumi na minane, bila picha hata moja ya kwao. Alichobeba ni maneno. Jioni alitusimulia maporomoko ya Karera, namna yanavyosikika kabla hujayaona, na jinsi ng'ombe walivyokataa kuyasogelea. Sisi tuliokulia kwenye tambarare ya miombo na mashamba ya tumbaku tulidhani mzee anatia chumvi. Alizikwa huko huko, na mimi nikarudi mwaka 2008 nikiwa na cheti cha ualimu na Kirundi chenye lafudhi ya Kiswahili.

Jumamosi moja ya mwezi Mei, mvua za masika zikiwa zinaelekea mwisho, tuliondoka walimu wanne kwenda Karera kwa miguu kupiga picha. Tulikuwa na simu tatu na kamera ndogo iliyotumika, ambayo mfanyabiashara mmoja aliniletea kutoka Kariakoo kwa njia ya Manyovu. Mwenzetu wa tano alikataa kufuatana nasi. Alituuliza: "Watu hawana mashamba, ninyi mnakwenda kupiga picha maji?" Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwa ambao hawajafika, Karera ipo Rutana, ambayo tangu mwaka 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Ni eneo linalohifadhiwa, lenye hekta 142. Maji hayaanguki mara moja. Yanashuka kwa ngazi tatu, yamegawanyika katika matawi, na anguko refu kuliko yote lina mita 80 hivi. Si mbali na hapo upo ufa wa Nyakazu, ambao wengi bado wanauita wa Wajerumani, kwa kuwa waliweka kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukisimama juu yake unaliona bonde la Kumoso likinyooka kuelekea Tanzania. Mwaka 2007 serikali yetu iliyaweka maporomoko na ufa huo katika orodha ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Pamoja na hayo, waliobeba kamera pale mara nyingi ni wageni, nasi wenyeji tunabeba mizigo yao.

Tulijifunza mambo machache ya kazi hii, tena kwa kukosea. Picha za saa sita mchana ziliharibika zote, maji yalikuwa meupe kama karatasi na miti myeusi kama masizi. Zilizofaa ni za asubuhi mapema, jua likiwa bado nyuma ya kilima, na zile tulizopiga wingu lilipopita. Rasharasha hukaa kwenye kioo cha kamera bila wewe kuona, kwa hiyo kitambaa kikavu kikae mfukoni. Ukitaka maji yaonekane laini kama pamba, weka kamera juu ya jiwe, isitikisike, uiache ifunguke kwa nusu sekunde au zaidi. Ukitaka kuona kila tone, fanya kinyume chake. Mwambie mwenzako asimame chini ya maporomoko, vinginevyo aliye mbali hatajua kama anaangalia mita 80 au mfereji wa bomba. Na usirudi kinyumenyume ukitafuta nafasi nzuri. Mawe yale yana utelezi wa kijani, na hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu.

Lakini somo kubwa tulilipata njiani, kabla ya kufika kwenye maji.

Tulipokuwa tunapanda nilisimama, nikaigeuzia kamera mlima wa upande wa pili. Baba alikuwa ametuelekeza mara nyingi: maporomoko yakiwa mkono wa kushoto, mwamba mweusi mbele yako, nyumba ya babu yenu ilikuwa chini ya mwamba huo. Mwamba niliuona. Chini yake palikuwa na migomba na paa la bati. Nikapiga picha mbili, tatu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akaacha jembe, akaja moja kwa moja hadi pale tuliposimama.

Hakutusalimia. Aliniuliza: "Unapima shamba la nani?"

Nikamjibu kwamba tunapiga picha za maporomoko. Akaitazama kamera, akatazama ilikoelekea, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko ukali: "Maporomoko yako kule, mwanangu. Na kusema kwako ni kwa watu waliotoka Tanzania."

Wasomaji mliorudi mtanielewa, na mliobaki mnielewe pia. Katika milima hii kamera si kitu kisicho na hatia. Mama yule alikwisha kuona watu wakija na karatasi, wakija na kamba ya kupimia, wakija na wazee wa kutoa ushahidi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitamka kwamba mkimbizi anayerudi ana haki ya kurudishiwa mali yake au kulipwa fidia, na mimi siwezi kuipinga haki hiyo, maana ni yangu. Ila aliyelima hapo miaka thelathini, pengine kwa kupewa na waliokuwa na mamlaka, pengine kwa kununua kwa jasho lake, naye ana hofu yake. Anapomwona mgeni mwenye lafudhi ya ng'ambo akielekeza kamera kwenye migomba yake, hawezi kufikiri habari za mandhari.

Nikiri hapa nilichokiri mbele yake: hakukosea sana. Kweli tulikuwa tumefuata maporomoko, lakini picha zile tatu hazikuwa za maporomoko. Nilikuwa ninaupiga mlima wa baba bila kubisha hodi. Nikamweleza yote, jina la baba, la babu, na mwaka waliokimbia. Akanyamaza kwa muda mrefu. Babu yangu hakumjua, kwa sababu aliolewa hapo baadaye. Tukamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, akacheka kuona paa lake lilivyo dogo. Kisha akaniomba nimpige yeye, amesimama mbele ya maharage yake. Baada ya wiki mbili nilimpelekea picha hiyo, imesafishwa kwenye karatasi.

Sitawadanganya kwamba suala la ardhi limekwisha kwa sababu ya picha moja. Bado lipo, na lina mahali pake pa kusemwa, mbele ya wazee na mbele ya sheria. Ninachojua ni kwamba siku nitakapolisema, mama yule atanijua kwa uso na kwa jina, wala sitakuwa kwake kivuli kilichopita na kamera.

Sasa nimjibu mwalimu mwenzangu. Ni kweli picha haioteshi maharage. Lakini dada yangu yuko Katumba hadi leo. Yeye ni mmoja wa zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi ambao Tanzania iliwapa uraia mwaka 2014. Ana shamba lake na wajukuu, na hana mpango wa kurudi. Nilimtumia picha mbili kwa mkono wa mfanyabiashara wa mahindi, moja ya Karera na moja ya ule mwamba mweusi. Amezitundika ukutani, pale pale mpiga picha alipokuwa akitundika shuka lake. Aliniambia kwa simu kwamba wajukuu wamemuuliza kama ni Marekani. Kisha akasema, "Kumbe baba hakuwa mwongo." Mtu amngoje nani aje kumwambia maneno hayo? Mtalii?

Ndiyo maana ninasema tupige picha nchi yetu wenyewe, kila mwenye simu kwa nafasi yake. Kwa miaka mingi dunia ilituona kwenye picha tukiwa barabarani na magodoro kichwani. Hazikuwa za uongo, lakini hazikuonyesha tulikotoka wala tuliporudi. Watoto ninaowafundisha, wengine wakiwa wamezaliwa kambini, wanastahili picha ambayo nyuma yao hakuna shuka wala hema.

Ila tupige kwa adabu. Salimu kwanza, sema wewe ni mtoto wa nani, uliza ndipo ufyatue. Shamba la mtu ni kama chumba chake. Ukipewa ruhusa, onyesha ulichopiga, na ukiahidi nakala, ipeleke. Askari, madaraja na vituo vya mpakani uviache. Wafanyabiashara mnajua taabu yake. Na asiwepo wa kupiga picha ya mlima kwa siri akidhani kesho itakuwa hati ya shamba. Picha haimpi mtu ardhi, na ikipigwa kwa kuibia inaweza kumharibia hata haki aliyokuwa nayo.

Viongozi wa tarafa na wa vilima nao wasione kila mwenye kamera kuwa mpelelezi. Walimu wakitaka kupeleka wanafunzi Karera, wasaidiwe wapite. Mtoto aliyeyaona maporomoko yale, akayapiga picha kwa mkono wake, hatahitaji kutiwa chumvi na baba yake ili ajue kwao ni wapi.

Ninyi mnaovuka kila wiki kwenda Manyovu na Kabanga, mnabeba mchele, vitenge na simu. Mkirudi upande wa pili, bebeni na picha moja ya kwenu. Haina uzito, wala haitawabana nafasi kwenye mzigo, na huko kuna mtu anaisubiri tangu mwaka 1972.