Ufadhili wa Masomo Haununuliwi



Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo ya hapa kwenye vyerehani vyetu hubadilika. Mama aliyekuja kupunguza gauni la harusi haulizi tena bei ya kitambaa. Anauliza: "Mwanangu kafaulu, sasa chuo nitamlipia na nini?" Na sisi, kwa mapenzi tu, kila mmoja humjibu lake. Mmoja kasikia Uturuki wanachukua. Mwengine ana ujumbe kwenye WhatsApp. Mwengine anamjua mtu.

Leo tunataka kusema juu ya huyo "mtu", kwa sababu mwaka juzi tulikosea, na aliyelipa si sisi.

Mteja wetu mmoja ana binti aliyefaulu vizuri. Alikuwa ameshapata nafasi kwenye chuo cha hapa hapa Unguja, na fomu za mkopo ameshaanza kujaza. Mwezi wa nane ukaingia ujumbe kwenye kikundi chetu cha upatu: ufadhili wa Serikali ya Uturuki, ada bure, tiketi bure, nafasi chache, mwisho kesho kutwa. Aliyeutuma ni mmoja wetu, naye alitumiwa na wifi yake. Hakuna aliyeuliza ulikotoka.

Mama akapiga simu. Akaambiwa atume shilingi 80,000 za fomu. Baadaye 150,000 za bima. Baadaye tena 200,000 za kuharakisha viza. Zote kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, akatoa humo humo. Kila akilipa analetewa barua yenye mhuri mzuri. Binti naye, kwa kuona safari iko karibu, hakwenda kujiandikisha chuoni. Mwezi wa kumi na moja namba ikawa haipatikani.

Shilingi 430,000 zilikwenda. Lakini kilichotuuma zaidi ni mwaka. Yule mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima, akija hapa kwetu kutia vifungo huku wenzake wako darasani. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huo msala, sisi ndio tuliomtandikia.

Upo, ila hautafutwi hivyo

Baada ya msiba ule, baadhi yetu tulisema ufadhili wote ni utapeli, au ni wa watoto wa wakubwa. Tumekaa, tumeuliza, tumesoma, na sasa tunasema hilo nalo si kweli. Tena lina hasara yake, kwa sababu mtoto mwenye haki ya kuomba anaacha kuomba. Rai yetu ni hii: ufadhili wa kweli upo, umetangazwa mchana kweupe, na hauna mtu wa kati. Kosa letu ni kuutafuta kwa siri na kwa pupa, kama kitu cha magendo.

Kwanza tutenganishe mkopo na ufadhili, maana wengi tunavichanganya. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, inatoa mkopo. Mkopo unarejeshwa, na mtoto ajue hivyo kabla hajatia saini. Ufadhili haurejeshwi, ingawa unaweza kuwa na masharti, kama vile kufikia alama fulani kila mwaka.

Sasa tuutazame huo wa Uturuki tuliotapeliwa kwa jina lake. Upo kweli, unaitwa Türkiye Bursları. Maombi yanafanywa kwenye tovuti yao wenyewe, na ni bure toka mwanzo hadi mwisho. Anayeomba shahada ya kwanza awe hajatimiza miaka 21, na alama zake zisipungue asilimia 70. Kwa udaktari ni asilimia 90. Akichaguliwa analipiwa ada, dakhalia, bima ya afya, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, posho ya kila mwezi, na tiketi ya kwenda na ya kurudi akimaliza.

Na dirisha la maombi hayo kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa kwanza na kufungwa mwezi wa pili. Rudini kwenye ule ujumbe wetu. Ulikuja mwezi wa nane ukisema mwisho kesho kutwa. Lau mmoja wetu angejua tarehe tu, hata mengine asiyajue, uongo ule ungekufa siku ile ile. Elimu ya dakika tano ingeokoa mwaka wa mtoto.

Tarehe hizo zina somo jengine. Mitihani ya kidato cha sita ni mwezi wa tano na matokeo hutoka mwezi wa saba. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta, milango kadhaa imeshafungwa. Uturuki wanampokea hata aliye bado darasani, maadamu anamaliza mwaka huo. Kwa hiyo kazi ya kutafuta ianze mtoto akiwa kidato cha tano.

Iko na milango mingine. Kuna Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022, kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Kuna mpango wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, ambao hupita kwenye vyuo wanavyoshirikiana navyo. Makerere ya Uganda na USIU-Africa ya Nairobi ni miongoni mwa vyuo hivyo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah nayo ina ufadhili wake wa miaka mingi kwa wanafunzi wa jamii za Kiislamu. Serikali ya China hutoa nafasi kupitia balozi zake, na sisi Unguja hatuna haja ya kuvuka bahari kwenda kuuliza: China, India na Oman zote zina balozi ndogo hapa. Mlinzi wa getini hatozi pesa kwa swali. Na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali hubandika matangazo ya nafasi za nje. Tusione haya kwenda kuyasoma.

Maswali matatu tunayouliza sasa

La kwanza: nani anatoa pesa? Tunataka jina la serikali, chuo au taasisi, halafu tunakwenda kwenye tovuti yao wenyewe. Hatubonyezi kiungo kilichomo kwenye ujumbe. Ofisi za Serikali yetu anwani zao humalizikia na go.tz, na vyuo vyetu ac.tz. Barua ya "ubalozi" iliyotoka kwenye anwani ya bure ambayo hata sisi tunaweza kuifungua kwa simu, tunaiweka pembeni. Mhuri si hoja. Sisi mafundi tunajua, nembo yoyote inadariziwa.

La pili: pesa inakwenda wapi? Hatusemi kuwa kutafuta masomo hakuna gharama kabisa, kwani hilo nalo litawapoteza. Pasipoti ni shilingi 150,000. Kuna kutafsiri vyeti, kuna vipimo vya hospitali, na vipo vyuo vya nje, vikiwemo baadhi ya vya China, vinavyotoza ada ya maombi na kuitangaza kwenye tovuti zao. Tofauti ni njia. Malipo ya Serikali yana namba maalumu ya malipo na risiti yake. Malipo ya chuo yanakwenda kwenye akaunti ya chuo. Pesa ya kuharakisha, ya kushikiwa nafasi, ya kumshukuru mkubwa, inayokwenda kwenye namba ya mtu binafsi, hiyo si gharama. Hiyo ni wizi, na ikiwa kweli yuko mkubwa anayeipokea basi ni rushwa, na sisi tutakuwa washirika wake.

La tatu: kama kuna wakala, je, anatambulikana? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ina orodha ya mawakala wa kupeleka wanafunzi nje na ya vyuo inavyovitambua. Mtoto akipata chuo cha nje, TCU ndiyo inayotoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Chuo kitazamwe kabla ya safari, si baada ya kurudi na shahada isiyokubalika.

Makaratasi yetu

Tulipoanza kuwasaidia mabinti kuomba, tuligundua kuwa wengi hawakwami kwenye alama. Wanakwama kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatma, cheti cha kidato cha nne Fatuma, pasipoti Fatima. Babu ni Khamis hapa, Hamisi kule. Kwetu ni mtu yule yule, lakini anayesoma maombi akiwa Ankara au Beijing anaona watu watatu. Kulirekebisha jina kunachukua muda, na muda huo haupatikani wiki ya mwisho. Kwa hiyo mama, leo usiku toa ule mfuko wa vyeti ulio chini ya kabati. Vitandike kitandani, soma herufi kwa herufi. Kama vinatofautiana, kesho uende kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ukaulize la kufanya.

Halafu kuna jambo linalotutia uchungu kulisema. Baadhi yetu tumewashauri watoto waandike kuwa ni yatima na baba yao yu hai. Tumekwenda kwa sheha kuomba barua ya kuonesha hatuna kitu, na nyumba ya kupangisha tunayo. Tunasema "ni karatasi tu". Dada zetu, si karatasi. Nafasi ya yatima ina yatima wake, naye yuko mtaani kwetu na tunamjua kwa jina. Mtoto akisafiri kwa uongo wetu, atakuwa amekalia kiti cha mwenzake kwa miaka minne, na chakula atakachokula huko tujiulize wenyewe kina hukumu gani. Aandike hali yake ilivyo. Wapo wafadhili wanaotafuta mtoto wa mama anayeuza maandazi, na mama huyo hana haja ya kufishwa mume.

Mtatuambia hatukusoma

Ni kweli. Wengi wetu hapa tuliishia kidato cha nne tukaenda ushoni. Kiingereza cha fomu kinatushinda, na kompyuta hatuna. Lakini walimu wa skuli wapo, na barua ya kumpendekeza mtoto wanaiandika wao. Tuwaendee mapema, kwa adabu, si jioni ya siku ya mwisho. Vijana waliokwisha kupata nafasi wapo pia, na wakija likizo wanapenda kuulizwa. Ambalo mama anaweza hata kama hakusoma ni kushika kalenda, kutunza vyeti, na kusema "subiri kwanza" pesa inapotakwa. Hayo matatu hayahitaji shahada.

Na kubwa kuliko yote, mtoto asiache alichonacho mkononi. Akipata nafasi ya chuo hapa nyumbani, ajiandikishe. Aendelee kuomba ufadhili huku anasoma. Ukija wa kweli, wenye barua iliyothibitishwa na chuo chenyewe, ndipo atakapoaga. Anayemtaka aache chuo leo kwa ahadi ya kesho hamtakii heri.

Kuhusu mteja wetu, wanakikundi wanane tulikaa tukachanga, tukamrejeshea nusu ya pesa zake. Hakutudai. Lakini tulijua mkono uliompelekea ujumbe ule ulikuwa wetu. Binti aliomba tena chuo kile kile, akapata, na mwaka wa kwanza ameshaumaliza. Anasoma kwa mkopo, na likizo anakuja kushona nasi kwa ujira. Ufadhili hakuupata, bado anaomba.

Siku hizi kwenye kikundi chetu tangazo lolote la masomo linapitia kwake kwanza, ndipo litumwe. Akilikuta la kweli, analiandika daftarini pamoja na tarehe ya kufungwa, na daftari liko juu ya meza ya kukatia. Yeyote anayepita anaruhusiwa kulifungua, hata kama hakuja kushona.

Ujumbe tunaoutuma ni amana kama kitambaa cha mtu. Hatukikati kabla ya kukipima. Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya halali, na atusamehe ile tuliyowaonesha bila ya kuijua. Amin.