PA Mpya wa Garissa, Kosa Lako Kubwa Si Kuchelewa

Kuna orodha ambayo vijana wa huku tunatumiana kila mtu akipata kazi yake ya kwanza kwenye seti. Makosa ya PA mpya. Usichelewe. Usikae chini watu wakifanya kazi. Usiombe selfi na staa. Usiguse kamera ambayo hujaitwa kuigusa. Usipige hadithi kwenye redio. Mimi pia nimeisoma, nikaituma kwa wenzangu, na ukweli ni kwamba haina ubaya. Shida ni kwamba iliandikiwa kijana wa Los Angeles, ambaye akiharibu sana atakuwa amemwagia mtu kahawa. Sisi tuko Garissa. PA wa hapa akikosea, kahawa ndiyo kitu kidogo kabisa.

Kwa wale hawajawahi kukanyaga seti: PA ni yule kijana wa mwisho kwenye orodha ya malipo na wa kwanza kuamka. Anabeba maji, anasimamisha boda zisipite kwenye picha, anaita waigizaji, anakimbia kutafuta betri, anahesabu sahani za chakula. Watu wengi wakubwa kwenye hii kazi walianzia hapo. Hakuna aibu yoyote.

Na kabla sijawageukia watu wa Nairobi, wacha niwageukie wangu. Kwa sababu kuna makosa tunafanya, halafu tukikosa kuitwa tena tunasema tumebaguliwa.

Warya, saa ni saa. Karatasi ya ratiba imeandika 5:30 asubuhi. Wewe unampigia mzee mwenye ngamia unamwambia "saa tano na nusu." Mzee ni mtu wa neno lake. Anafika saa tano na nusu kamili, jua liko utosini, na ule mwanga wa alfajiri ambao watu wamelala lojing kuusubiri umeshaenda. 5:30 asubuhi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Geuza saa kichwani kwanza, iseme kwa Kiswahili ama Kisomali, na usikate simu mpaka mzee akurudishie mwenyewe.

Pili, anayechunga si lazima awe ndiye mwenyewe. Umeona kundi la ngamia, limependeza, umeongea na kijana mwenye fimbo, amesema sawa, kamera imewashwa. Nusu saa baadaye mwenye mali anatokea na hakuna aliyemuuliza. Hapo huna lokesheni tena, una kesi ya wazee. Na ukiwa unaongea naye, usimuulize mbele ya wageni ana ngamia wangapi. Wewe umekulia hapa, unajua hilo swali linasikika vipi. Ni kama kumuuliza mtu ana pesa ngapi benki.

Tatu, daraja la Tana. Mwongozaji akija mara ya kwanza anaona mto, anaona daraja, anaona picha ya kufungulia filamu. Wewe unaona kizuizi cha askari. Unajua pale magari yanapekuliwa na vitambulisho vinaangaliwa. Ukinyamaza akatoa kamera nje ya dirisha, mtashinda kituoni siku nzima, na wa kwanza kuulizwa maswali hatakuwa yeye. Utakuwa wewe mwenye jina la Kisomali. Hivyo hivyo kwa droni: Kenya ina kanuni zake tangu 2020 na ruhusa inatafutwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Usirushe kitu juu ya Garissa kwa sababu mtu amekwambia "dakika mbili tu." Huu mji bado unakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliouawa pale chuo kikuu. Kitu kikinguruma angani watu hawafikirii filamu.

Nne, simu. Umepiga picha ya mwigizaji akiwa na damu bandia, umeiweka stori kabla ya chakula cha mchana. Jioni hamjamaliza, hadithi yote iko nje. Hiyo haina kutetewa. Ukifukuzwa, umefukuzwa vizuri.

Sawa. Hayo ni makosa ya kweli na yanatibika kwa wiki moja. Lakini ukiniuliza kosa kubwa ni lipi, nitakwambia langu, na sijaliona kwenye orodha yoyote.

Ilikuwa 2022, wakati wa ukame. Mvua ilikuwa imekataa misimu minne mfululizo. Kikosi kimoja kilikuja kupiga filamu fupi kuhusu ukame kwenye kijiji nje ya mji. Mimi nilichukuliwa kama PA kwa shilingi 1,500 kwa siku. Tulipofika ikajulikana kwamba hakuna mtafsiri. "Si wewe unaongea Kisomali? Tusaidie tu." Nikasema sawa. Nilifurahi hata. Nilijiona nimepanda cheo.

Kulikuwa na ayeeyo mmoja wa kuhojiwa. Aliambiwa siku moja mbele, kwa hivyo akajitayarisha. Alitoka nyumbani amevaa garbasaar yake ya Idd, amepaka hina, amekaa wima. Mwongozaji akamwangalia, akaniita kando. Mwambie avae ile ya kila siku, ile imechakaa. Nilielewa anataka nini. Nikaenda kwa ayeeyo na uongo mtamu: nikamwambia rangi hii inasumbua kamera. Akaingia ndani akabadilisha bila neno.

Halafu wakamsogeza karibu na mzoga wa ng'ombe. Akaniuliza, "Huyu ni wa nani?" Hakuwa wake. Nikamwambia kaa tu kidogo, ayeeyo, tunamaliza. Akaongea muda mrefu. Alieleza kwamba pampu ya kisima imeharibika, kwamba kijiji kimepeleka wazee mara tatu kuomba ikarabatiwe, kwamba watoto wake wamechanga pesa ya lori la maji. Alikuwa anatoa ripoti, manze. Na jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa anaangalia saa. Mwongozaji akauliza amesema nini. Nikajibu: "Anasema njaa ni kali."

Maneno manne. Hayo ndiyo yalibaki. Kwenye filamu yenyewe ayeeyo haongei hata kidogo. Amekaa kando ya mzoga, na muziki wa huzuni unapita juu yake.

Mjukuu wake aliiona kwenye simu, akamwonyesha. Nilipokutana naye baadaye hakunigombeza. Alisema, "Wale hawakujua lugha. Wewe ulijua."

Sasa nipeni hiyo orodha ya makosa ya PA mpya, mnionyeshe hili liko namba ngapi.

Point yangu ni hii. PA wa Nairobi anabeba maji. PA wa Garissa anabeba maji na anabeba mdomo wa watu. Yeye ndiye anajua nyumba ya kuingia, mzee wa kusalimiwa kwanza, saa ya swala ya Ijumaa, neno gani ni tusi. Yeye ndiye daraja. Halafu analipwa na kutajwa kama mtu wa kubeba maji peke yake, na yeye mwenyewe anakubali kwa sababu ameambiwa PA mzuri hana maoni. Huo ushauri wa "nyamaza, fanya ulichoambiwa" una maana pale ambapo watu hamsini wanajua kazi kuliko wewe. Kwenye seti ambapo wewe peke yako ndiye unaelewa anachosema anayehojiwa, kunyamaza ni kuharibu kazi.

Na usidhani hili ni jambo dogo la kijiji kimoja. Angalia vile tumeonyeshwa. Black Hawk Down ya 2001 ilieleza Mogadishu na ikapigwa Morocco. Eye in the Sky iliyotoka 2015 inahusu Eastleigh, mtaa wa binamu zetu, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Dunia nzima imeangalia Msomali kwenye skrini, na mara nyingi hakukuwa na mtu wa kwetu karibu na kamera wa kusema "hapana, hatukai hivyo, hatuongei hivyo."

Halafu linganisha na Watu Wote. Ni ile filamu fupi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, kuhusu basi la Mandera lililoshambuliwa Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Filamu iliongozwa na mgeni, Katja Benrath, lakini watu ndani yake wanaongea Kiswahili na Kisomali, wanabishana, wanaogopa, wana akili zao. Ilifika kuteuliwa Oscar 2018. Ama The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, iliyopigwa Djibouti kwa Kisomali na ikashinda tuzo kuu ya FESPACO 2021. Watu maskini kabisa kwenye hadithi, lakini hakuna aliyevuliwa heshima yake ili uamini ni maskini.

Kwa hivyo usiniambie umaskini ndio unauza. Uvivu ndio unauza haraka.

Kuna wenye watanijibu: wewe unawaharibia vijana, PA akianza kuongea hataitwa tena. Najua. Inaweza kutokea. Lakini tuwe wakweli, huyo kijana mtiifu anaitwa tena mara ngapi? Wanachukua namba yake, wanachukua namba ya chifu, wanachukua lokesheni, na mwaka unaofuata wanakuja moja kwa moja bila yeye. Kikosi kinaondoka Jumapili. Wewe Jumatatu uko sokoni Suuq Mugdi, na eddo yako anasalimiana na yule ayeeyo. Kijiji kikifunga mlango, kinaufungia kijana anayekuja baada yako, ambaye pengine angekuja na hadithi yake mwenyewe na kamera ya kuazima.

Na kuongea si kupiga kelele. Kuna namna. Usimpinge mwongozaji mbele ya watu, na kamwe usifanye hivyo mbele ya mzee. Mvute kando msaidizi wake kabla kamera haijawashwa, sema kitu kimoja, kisha mpe njia nyingine: "Huyu mama akivaa hivi alivyochagua ataongea kwa kujiamini, na mtapata mahojiano bora. Mzoga si wake, tukimweka hapo tutakuwa tumedanganya." Watu wengi wa filamu si wabaya. Wana haraka, na hawajui. Kazi yako ni kuhakikisha wanajua. Wakikataa wakiwa wanajua, hapo dhambi imebadilisha mwenyewe.

Ukitafsiri, tafsiri yote. Usifupishe watu. Mtu akiongea dakika tatu na wewe ukatoa sentensi moja, sema wazi kuna mengine, yaandikeni. Fomu ya ridhaa ikiletwa, isome kwa sauti kwa lugha ya mwenye kusaini, pamoja na kile kipande kinachosema picha zinaweza kutumika popote, milele. Uone kama bado atasaini.

Na kabla ya siku ya kwanza, uliza: mnataka PA ama mnataka PA na mtafsiri? Hizo ni kazi mbili. Iandikwe kwenye ujumbe wa simu hata kama hakuna mkataba: pesa ngapi, saa ngapi, na jina langu litaandikwaje mwishoni mwa filamu. Jina halimgharimu mtu chochote. Likikosekana, hukuwepo.

Kwa watu wa Nairobi na nje ambao wanapenda jua letu na vumbi letu: tafuteni mtafsiri kabla hamjatafuta droni. Mlipeni kama mtafsiri. Na mkikuta mama amevaa vizuri kwa sababu mnakuja, basi mjue amewapokea kama wageni. Pigeni picha hivyo hivyo. Ukame utaonekana tu, uko nyuma yake mpaka mwisho wa macho.

Mimi nilirudi kwa ayeeyo mwaka uliofuata na simu yangu na maiki ya shilingi 800. Nikamwomba msamaha kwanza, nikakaa chini, nikamwambia leo avae anachotaka na aseme anachotaka. Alifikiria kidogo. Akasema, "Leo sitaongea. Kwanza nenda kaulize habari ya pampu."

Nilienda. Bado tunaifuatilia.